Modhera: Mahali ambapo jua lilijengewa nyumba ya mawe

Waliosema tembea uone hawakukosea. Iwapo siku moja, mpenzi msomaji, utajaliwa kufika India, usifanye kama watalii wengi ambao hukimbilia Taj Mahal, wakapiga picha mbili tatu na kurudi kwao wakidhani wameiona nchi nzima. Tenga angalau siku mbili uende Gujarat, jimbo lililoko magharibi mwa nchi hiyo, ujionee hekalu la kale la Modhera. Hekalu hili lilijengwa kwa heshima ya Surya, mungu wa jua wa Wahindu, na mawe yake yamechongwa kwa ustadi ambao humduwaza hata mtu asiyejua lolote kuhusu dini hiyo.

Pengine utauliza: mbona Modhera, na India imejaa mahekalu kila pembe? Ukweli ni kwamba Gujarat si ugenini kabisa kwetu. Wareno walipotia nanga Malindi mwaka 1498, waliwakuta tayari wafanyabiashara kutoka India. Baadaye familia nyingi za Kigujarati zilihamia Mombasa, Nairobi, Kisumu na miji mingine, zikafungua maduka na viwanda. Chapati, bajia na chevda tunazokula zimetoka upande huo, na maneno kama gari, bima na laki tuliyapata kutoka kwa watu wa huko. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliwatambua rasmi Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44 nchini.

Hata hivyo, ni wangapi kati yetu wanaojua mababu wa majirani hawa walijenga nini huko walikotoka? Tunanunua kwao, watoto wetu wanasoma nao, lakini ukipita mbele ya hekalu lao waona ukuta tu. Hata lugha hutupotosha. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, awe Mwislamu, Mkristo, Kalasinga au Mhindu. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Tofauti hiyo ndogo ni vyema tuishike kabla ya kufunga safari.

Njia ya kwenda

Ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi hutua Mumbai. Kutoka hapo waweza kupanda ndege nyingine au garimoshi hadi Ahmedabad, mji mkubwa kuliko yote Gujarat. Modhera iko kiasi cha kilomita 100 kaskazini mwa Ahmedabad, yaani mwendo unaozidi kidogo ule wa Nairobi hadi Naivasha. Utapitia mji wa Mehsana, kisha uendelee kilomita zipatazo 25 katika nchi tambarare ya mashamba.

Usitarajie milima wala misitu mikubwa. Kaskazini mwa Gujarat ni nchi kavu. Mvua hunyesha hasa kati ya Juni na Septemba, na baada ya hapo miezi hupita bila tone kuanguka. Weka jambo hilo akilini, kwa kuwa ndilo litakalokufumbulia maana ya hekalu lenyewe. Katika nchi ya namna hiyo, jua linaweza kuivisha mazao na linaweza pia kuyaunguza. Maji nayo ni uhai. Mambo hayo mawili, jua na maji, ndiyo yaliyochongewa mawe Modhera.

Birika lenye ngazi mia

Hekalu lina sehemu tatu zilizopangwa katika mstari mmoja kutoka mashariki hadi magharibi. Kwanza ni birika la maji, kisha ukumbi wa mikutano, na mwisho nyumba yenyewe ya mungu.

Anza na birika, kama walivyoanza waumini wa zamani, ambao walishuka humo kujitakasa kabla ya kuingia hekaluni. Wenyeji huliita Surya Kund. Ondoa mawazo ya birika la kawaida la kuwekea maji. Hili ni shimo kubwa la mstatili lenye urefu wa zaidi ya mita 50 na upana wa zaidi ya mita 35, na pande zake zote nne zimejengwa ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini. Ngazi hizo hazikupangwa kama za nyumba ya ghorofa. Zimegawanywa katika vingazi vidogo vidogo vinavyoelekeana kwa pembe, mithili ya pembe tatu zilizorundikwa moja juu ya nyingine. Asubuhi, mwanga unapozigonga kwa upande, kivuli cha kila kidato huonekana wazi, na shimo zima huwa kama mkeka uliosukwa.

Katikati ya ngazi hizo pamesimama vihekalu vidogo vya mawe. Inasemwa jumla yake ni 108. Hesabu hiyo haikuja kwa bahati, kwani kwa Wahindu 108 ni nambari takatifu, na hata tasbihi wanayotumia katika sala huwa na shanga 108. Baadhi ya vihekalu hivyo vina sanamu za Ganesha, mungu mwenye kichwa cha ndovu, na vingine vina sanamu za Vishnu na miungu wengine. Ukienda na watoto, wape kazi ya kuvihesabu. Watatulia kwa muda mrefu, nawe utapata nafasi ya kutazama kwa utulivu.

Lakini shika sana mkono wa mdogo wao. Ngazi ni nyembamba, hazina vyuma vya kujishikia, na miguu ya karne nyingi imezilainisha.

Nguzo 52 na ndovu wasiohesabika

Ukipanda kutoka kwenye birika, utakutana na nguzo mbili ndefu zilizosimama peke yake. Zamani zilibeba tao la mawe ambalo lilikuwa lango la kuingilia. Tao limeanguka, nguzo zimebaki.

Mbele yake ndipo kuna ukumbi, ulio wazi pande zote, ambao watu walikutania na ngoma kuchezewa. Ukumbi huu una nguzo 52. Waelekezi hupenda kuwaambia wageni kwamba hizo ni wiki za mwaka. Sogelea nguzo moja tu uichunguze, kuanzia chini kwenda juu. Chini ina pembe nne, kisha pembe huongezeka hadi inakaribia kuwa duara. Kila sehemu imejaa watu: wanawake wanaocheza, wapiga ngoma, mashujaa wenye pinde, wafalme na wanyama. Vipande vingine husimulia visa vya Ramayana na Mahabharata, tenzi mbili kuu za India. Kwa watu wa zamani ambao wengi wao hawakujua kusoma, nguzo hizo zilikuwa ndizo vitabu.

Sasa fikiria kazi yenyewe. Jiwe la mchanga linachongeka vyema, lakini halisamehe. Fundi wa mbao akikosea huweza kuziba kwa gundi na unga wa randa. Fundi wa jiwe akipiga tindo vibaya na pua ya sanamu ikaruka, pua imekwenda. Isitoshe, mafundi wa Modhera hawakutumia saruji. Mawe yalichongwa yaingiane, ulimi wa hili katika tundu la lile, na uzito wenyewe ndio uliyabana. Walifanya hayo yote kwa nyundo na tindo, na hawakuacha majina yao popote. Jina la mfalme tunalijua. Alikuwa Bhima wa Kwanza, wa ukoo wa Chaulukya ambao huitwa pia Solanki. Majina ya waliovuja jasho hatuyajui.

Nyuma ya ukumbi ndipo ilipo nyumba ya mungu. Msingi wake umechongwa kwa mfano wa ua la yungiyungi lililopinduliwa, kana kwamba jengo zima limechanua kutoka ardhini. Juu ya hapo pana safu ya ndovu waliopangwa bega kwa bega kuzunguka kuta, na juu ya ndovu pana safu ya binadamu. Juu zaidi ndiko walikochongwa miungu. Miongoni mwao kuna sura 12 za Surya, ambazo huhusishwa na miezi 12 ya mwaka.

Mtazame Surya miguuni. Miungu wengi wa Kihindu huchongwa wakiwa pekupeku, lakini huyu amevaa viatu virefu kama vya mpanda farasi, na kiunoni ana mshipi. Wataalamu husema mavazi hayo yana asili ya nchi zilizo magharibi mwa India. Kwa hivyo usidhani kwamba watu wa kale walijifungia kwao. Mitindo na fikra zilisafiri, zikapokewa, zikafanywa za nyumbani. Sisi wa Afrika Mashariki twalijua hilo. Katika miji yetu ya kale ya pwani, hasa Unguja na Mombasa, kuna milango ya mbao ambayo nakshi zake zilipata mengi kutoka kwa mafundi wa Kihindi, yungiyungi likiwa mojawapo.

Jambo moja kwa wazazi: kama ilivyo katika mahekalu mengi ya enzi hiyo, baadhi ya michoro ya kuta za nje inaonyesha mapenzi ya mume na mke bila kuficha. Wajenzi waliyahesabu hayo kuwa sehemu ya maisha kama vile ngoma na vita. Jiandae kwa maswali ya watoto.

Siku ambayo jua huingia ndani

Waliojenga Modhera walijua elimu ya nyota kwa undani. Hekalu linatazama mashariki, na mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 21 Machi na 22 Septemba, siku ambazo mchana na usiku hulingana, jua linapochomoza miale yake huvuka birika, hupita katikati ya nguzo za ukumbi, na kuingia hadi chumba cha ndani kabisa. Ndizo siku zilezile ambazo sisi tulio kwenye Ikweta hulipata jua la adhuhuri utosini. Aidha, Modhera iko karibu mno na mstari wa Tropiki ya Kansa. Kwa hiyo, adhuhuri ya tarehe 21 Juni, kivuli cha mtu aliyesimama pale hujikunja chini ya miguu yake kikakaribia kutoweka.

Inasimuliwa kwamba katika chumba hicho cha ndani palikuwa na sanamu ya Surya, na kwamba miale ya siku hizo mbili ilimwangaza usoni. Ukichungulia leo utaona giza na shimo. Sanamu haipo. Kilele kilichosimama juu ya chumba hicho nacho hakipo, na paa la ukumbi limeanguka.

Hapo ndipo pana habari ya kusisimua na kusikitisha. Katika ukuta wa chumba hicho kuna jiwe lenye maandishi yanayotaja mwaka 1083 wa kalenda ya Kihindu ya Vikrama, yaani mwaka 1026 au 1027 wa kalenda yetu. Maandishi hayo yamewekwa kichwa chini miguu juu. Je, fundi alikosea? Au ni jiwe la jengo la awali lililobomolewa, likatumiwa tena? Wanahistoria wamelijadili sana. Wanachokubaliana wengi ni kwamba birika na nyumba ya mungu ni za karne ya 11, na ukumbi uliongezwa miaka kadhaa baadaye.

Tarehe hiyo ina uzito wake. Katika msimu wa mwaka 1025 kuingia 1026, Sultani Mahmud wa Ghazna alipita Gujarat na majeshi yake, akaliteka hekalu tajiri la Somnath lililo pwani. Baadhi ya wanahistoria huamini kwamba Modhera ilijengwa mara baada ya dhoruba hiyo, watu walipokuwa wakifuta machozi na kuanza upya. Karne zilizofuata zilileta vita vingine, na baada ya vita hekalu likaachwa. Ukitazama kwa makini utaona sanamu nyingi hazina pua, mikono wala nyuso.

Leo hakuna ibada inayofanywa Modhera. Hakuna kengele wala ubani. Ni turathi ya taifa inayotunzwa na idara ya serikali ya mambo ya kale, na Desemba 2022 iliingizwa katika orodha ya awali ya maeneo ambayo India inataka UNESCO iyatambue kuwa urithi wa dunia.

Kwa hakika inashangaza. Hekalu limepoteza mungu wake, paa lake na waumini wake, lakini watu bado wanamiminika. Huja Wahindu, Waislamu, Wakristo na wasio na dini. Huja wanafunzi wakiwa wamejipanga mistari na sare zao, kama wa kwetu wanaozuru Fort Jesus. Sababu ni kwamba jiwe lililochongwa vyema halimuulizi mtu dini yake. Aliyelichonga alikuwa Mhindu, lakini uvumilivu uliotumika kulichonga ni wa binadamu wote.

Adui aliyebaki

Sultani alikwisha kufa zamani. Adui wa sasa wa mawe ya kale ni mgeni mwenye msumari mfukoni. Kote duniani, watu hupenda kukwaruza majina yao kwenye majengo ya kale, wakidhani wanajipatia ukumbusho. Sheria ya India iliyorekebishwa mwaka 2010 haicheki na mtu wa aina hiyo: adhabu ni kifungo cha hadi miaka miwili, au faini ya hadi rupia laki moja, au zote mbili. Naam, ni laki ileile tuliyoikopa.

Waeleze watoto hayo kabla hamjaingia langoni. Waambie pia wasipande juu ya ndovu wala kuning'inia kwenye mikono ya sanamu. Mkono uliodumu miaka elfu moja unaweza kung'oka kwa sekunde moja, na aliyejua kuuchonga hayupo tena wa kuurudisha. Somo hilo watakaporudi nalo nyumbani litafaa magofu ya Gede na kuta za miji yetu ya pwani, ambako nako majina yamekwaruzwa.

Malkia na kisima chake

Ukiwa Modhera, usirudi Ahmedabad kabla ya kufika Patan, kiasi cha kilomita 35 hivi. Huko kuna Rani ki Vav, kisima ambacho Malkia Udayamati, mkewe Bhima, anasemekana kukijenga kwa kumbukumbu ya marehemu mumewe. Ni kisima cha kushuka kwa ngazi, chenye ngazi za orofa saba kwenda chini ya ardhi, na kuta zake zina sanamu kubwa zaidi ya 500 pamoja na ndogo zaidi ya elfu moja. Mafuriko ya mto Saraswati yalikifukia kwa matope, na matope hayo ndiyo yaliyozihifadhi nyuso za sanamu hadi zilipofukuliwa katika karne ya 20. UNESCO ilikitambua mwaka 2014, na tangu 2018 picha yake imo katika noti ya rupia 100.

Mume alilijengea jua, mke akayajengea maji. Ukiyaona yote mawili ndipo utakapofahamu watu wa nchi ile kavu walithamini nini.

Jua bado lina kazi kijijini. Tarehe 9 Oktoba 2022, Modhera ilitangazwa kuwa kijiji cha kwanza India kuendeshwa kwa umeme wa jua usiku na mchana. Paneli ziliwekwa juu ya paa za nyumba zaidi ya 1,300, na mitambo mingine ikasimikwa karibu na kijiji. Mkulima ambaye babu zake walichongewa sanamu za Surya sasa huwasha taa kwa nguvu za jua hilohilo.

Ya kuzingatia safarini

Miezi mizuri ni Novemba hadi Februari. Aprili na Mei joto hupita nyuzi 40, na mawe huchoma kama kaango. Januari hufanyika tamasha la ngoma za jadi mbele ya hekalu. Viza yaweza kuombwa kwa mtandao, lakini usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana wasafiri kutoka Kenya hudaiwa. Kiingilio cha mgeni ni kikubwa kuliko cha mwenyeji. Chakula kingi ni cha mboga bila nyama, nacho ni kitamu, lakini anayependa kinywaji ajue kwamba Gujarat pombe ni marufuku. Fika hekaluni alfajiri, kabla ya joto na kabla ya mabasi.

Na ikiwa nauli haijapatikana, usivunjike moyo. Jijini Nairobi, eneo la Ngara, kuna hekalu la Swaminarayan lililofunguliwa mwaka 1999, ambalo mawe yake yalichongwa na mafundi India, yakasafirishwa na kuunganishwa hapa kwetu kipande kwa kipande. Halina umri wa Modhera, lakini ufundi ni wa ukoo mmoja. Wageni wa dini zote hukaribishwa, mradi wavae kwa heshima na wavue viatu. Jumapili moja wapeleke watoto. Waache wasimame mbele ya nguzo moja, waitazame kuanzia chini kwenda juu, polepole. Kisha mkitoka, msalimie jirani.